Simu ya intaneti si ya bure: tulichojifunza katika butiki moja ya Butembo

Mwaka jana, mwezi wa tatu, baada ya kikao cha akina mama, mama mmoja wa parokia yetu hapa Butembo alinifuata mpaka ofisini akiwa na daftari mkononi. Anauza vikwembe na nguo za watoto. Butiki yake ni ndogo, mlango mmoja tu, lakini inalisha nyumba yenye watoto sita, na ndani yake anafanya kazi binti mmoja ambaye wazazi wake walikufa. Binti huyo ndiye anayewalipia shule wadogo zake wawili.

Mama akaketi, akasema: «Pasta, nataka kumwachisha kazi yule binti. Uniombee nipate maneno ya kumwambia.»

Sikuomba kwanza. Niliomba kuona daftari. Mshahara wa binti ulikuwa dola 45 kwa mwezi. Mistari mitatu chini yake paliandikwa neno «unite», na mbele yake dola 47. Nilifikiri nimesoma vibaya. Mama akasema hapana, ndivyo ilivyo, biashara ni simu, usipopiga simu mali haiji. Kwa hiyo simu ilikuwa inalipwa kuliko mtu, na mtu ndiye aliyetakiwa kuondoka.

Nimeandika makala hii kwa sababu tangu siku ile watu wengi wa makanisa yetu wameniuliza habari ya kupiga simu kwa njia ya intaneti: wenye butiki, wenye depo za saruji, mafundi, na hata makatibu wa ofisi zetu za parokia. Wengi wanasikia kwamba ni bure. Mimi pia nilimwambia mama yule kwamba ni bure. Nilikosea, na kosa langu lilikaribia kumpotezea wateja. Basi nieleze vizuri.

Tulianza kwa kuhesabu. Nilimwomba mama aandike kwa juma moja kila simu aliyopiga: amempigia nani, rezo gani, dakika ngapi. Juma lile alitumia dola 11. Karibu dola 6 zilikwenda Uganda tu, kwa muuzaji wake wa jumla wa Kampala na kwa mtu anayempakilia mizigo kwenye gari mpaka Mpondwe. Dola 3 hivi zilikwenda kwa watu wa hapa nchini walio kwenye rezo nyingine kuliko ya kwake. Zilizobaki zilikuwa simu za karibu, motari, jamaa, na simu za kuwarudishia wale wanaombipa. Ninyi wafanya biashara mnajua jambo la bip. Mteja wa kijijini hana unite, anakubipa mara moja na kukata, nawe unampigia. Wako wateja ambao hawajawahi kulipa hata sekunde moja ya simu tangu waanze kununua, na si ujanja, ni mapatano ya kimya kati ya mwenye nacho kidogo na asiye nacho. Mtakumbuka jambo hili la bip, maana ndilo lililotupindua baadaye.

Sasa, kwa nini simu ya Kampala ilikula fedha nyingi hivyo? Ukipiga simu ya kawaida, kampuni yako inahesabu muda. Simu ikivuka kwenda kwenye rezo nyingine, kampuni yako inalazimika kuilipa kampuni ya pili kwa kuipokea. Ikivuka mpaka wa nchi, inapita mikononi mwa wengine zaidi, na kila mmoja anataka chake. Deni hilo lote linarudi kwako kwa kila dakika.

Simu ya intaneti inafanya kazi kwa njia nyingine. Programu iliyo katika simu yako, kama WhatsApp, inachukua sauti yako, inaigeuza kuwa hesabu, inaikaza iwe ndogo, kiisha inaikata vipande vidogo sana, vingi kila sekunde. Kila kipande kinaandikwa anwani ya kule kinakokwenda, sawa na barua, na kinatumwa peke yake. Simu ya yule mwingine inavikusanya, inavipanga na kuvigeuza tena kuwa sauti. Kwa kampuni yako ya simu, vipande hivyo ni mega tu, sawa na picha au habari unayosoma. Haihesabu dakika, wala haiangalii kama vinakwenda Kampala, Kinshasa au Ubelgiji. Ndiyo sababu umbali hauongezi bei. Na ndiyo sababu pia sauti inakatikakatika rezo ikiwa mbaya: vipande vingine vinachelewa njiani, vingine havifiki kabisa, na programu haiwezi kuvingojea kwa maana mazungumzo yanaendelea.

Jambo hili si jipya. Skype ilianza mwaka 2003, na kwa miaka mingi ndugu zetu walioko Ulaya walitumia hiyo, mpaka ilipofungwa mwezi wa tano 2025. Kwa watu wa hapa, mlango ulifunguka hasa mwaka 2015, WhatsApp ilipoanza kupitisha sauti ya moja kwa moja kwa watumiaji wake, kwa sababu programu hiyo ilikuwa tayari katika simu za watu.

Dakika moja ya sauti kwa WhatsApp inakula mega ngapi? Inategemea simu na rezo, lakini kwa kawaida ni chini ya mega moja, mara nyingi karibu nusu. Usiniamini mimi, pima mwenyewe. Fungua WhatsApp, ingia mahali palipoandikwa «Paramètres», kisha «Stockage et données». Hapo utaona hesabu ya matumizi ya intaneti, na simu zina mstari wao peke yake. Andika hesabu iliyopo, piga simu ya dakika kumi, kisha rudi uangalie. Mama alipofanya hivyo na muuzaji wake wa Kampala, simu ya dakika kumi ilikula mega 4 na kidogo. Alinyamaza. Halafu akauliza: «Basi zile mega ninazonunua kila siku zinakwenda wapi?»

Zilikuwa zinakwenda kwenye video. Simu yake ilikuwa imepangwa kupakua yenyewe kila picha na kila video inayotumwa katika vikundi, naye alikuwa katika vikundi kumi na vinne. Ninakiri mbele yenu kwamba kimoja ni cha parokia, na mimi ndiye ninayetuma video za kwaya kila Jumapili jioni. Video mbili tatu za namna hiyo zinakula mega sawa na simu zote anazopiga Kampala kwa juma zima. Tulizima kupakua kwenyewe, pale pale ndani ya «Stockage et données», akabakiza picha tu kwa sababu wateja wanamtumia picha za vikwembe wanavyotaka. Mahali hapo hapo kuna kitufe cha kufanya simu za sauti zitumie mega chache zaidi. Tulikiwasha pia. Sauti inapungua uzuri kidogo lakini maneno yanasikika. Simu za video akaziacha kabisa kwa kazi. Kumwona muuzaji uso si lazima, kuona mali ndiyo lazima, na picha moja inatosha.

Mwezi wa kwanza, daftari lilionyesha dola 16 badala ya 47. Mama alinipigia (kwa WhatsApp, bila shaka) akinishukuru sana. Nilijisikia kuwa mtu mwenye akili. Binti akabaki kazini.

Mwezi wa pili mauzo yakashuka.

Mama ana wateja tisa wanaonunua kwake kwa wingi kidogo na kwenda kuuza sokoni Musienene, Kyondo, Lubero na vijiji vya kando. Zamani walikuwa wengi zaidi, lakini wale wa upande wa kusini wa Lubero walihama kwa sababu ya vita, na wengine hatujui waliko. Katika hao tisa, wanne walikuwa wamenyamaza. Mama alifikiri wamepata butiki nyingine. Alifikiri pia kwamba binti anawajibu vibaya. Siku moja mmoja wao, mwanamke wa Musienene, alifika mwenyewe mjini, na mama akamwuliza kosa lake ni nini. Yule mwanamke akajibu bila hasira: «Mama, wewe unapata faida, mimi mega zangu zinaisha. Zamani nilikuwa nakubipa, unanipigia, naongea bure. Sasa ukinipigia kwa WhatsApp, mimi pia nalipa.»

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Katika simu ya kawaida hapa kwetu, anayepiga ndiye anayelipa, anayepokea halipi kitu. Katika simu ya intaneti, kila upande unatumia mega zake. Vipande vya sauti vinavyotoka kwako vinalipwa na mega zako, na vinapofika kule vinakula mega za yule anayepokea. Nami niliposema «bure», nilikuwa nimehesabu mfuko mmoja tu. Yule mwanamke wa Musienene ananunua mega kidogo kidogo, za siku moja, na siku nyingine hanunui kabisa. Mama alipompigia kwa WhatsApp, mara nyingi simu haikulia hata kidogo kwa sababu intaneti ya yule ilikuwa imezimwa. Mama akadhani hajibu kwa makusudi, kumbe hakuna kilichomfikia.

Nilipoelewa hilo, niliuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza mapema: binti wa butiki anatumia mega za nani? Mama hakujua. Tukamwita. Binti, kwa aibu, akasema ananunua mwenyewe. Mama alimwambia awe anawajibu wateja kwa WhatsApp, naye alidhani ni sehemu ya kazi. Katika mwezi mmoja alikuwa ametoa dola 5 katika mshahara wake wa dola 45. Kwa hiyo fedha tuliyoshangilia ilikuwa imetoka kidogo kwa wateja maskini na kidogo kwa mfanyakazi, na sisi tukaandika katika daftari kwamba ni faida. Mama alilia. Alimrudishia binti zile dola 5 siku ile ile.

Tulikaa tena na daftari, watatu safari hii, pamoja na binti. Yeye ndiye anayejua wateja kuliko mama, na mapatano mengi tuliyofanya ni mawazo yake.

Simu zote za Kampala zinapita kwa intaneti. Muuzaji wa Kampala ana intaneti dukani siku nzima, haimgharimu kitu kikubwa, na kwa upande wetu hapo ndipo fedha nyingi ilikuwa inapotea. Simu za motari na za watu wa hapa mjini zinapigwa kwa kawaida, kwa forfe ya dakika za ndani ya rezo moja, ambayo ni rahisi kuliko unite za kukatwa kwa sekunde. Kwa wale walio rezo nyingine mama alinunua kadi ya SIM ya pili, akaiweka katika simu ndogo ya vitufe ambayo chaji yake inakaa siku nne. Wateja wa vijijini wanaendelea kubipa kama zamani, na wanapigiwa kama zamani. Mama aliniuliza kama si kurudi nyuma. Nikamwambia simu ya dakika mbili kwa mteja anayenunua vikwembe kumi si gharama ya kuondoa.

Halafu kuna ujumbe wa sauti, ambao ninaona watu wa biashara hawautumii inavyofaa. Simu ya intaneti inataka pande zote mbili wawe na rezo nzuri dakika ile ile. Ujumbe wa sauti hautaki hivyo. Unausema, unatuma, na unangoja mpaka simu ya yule itakapopata intaneti, hata kama ni kesho asubuhi akishuka mahali penye antena. Unakula mega chache kuliko simu, kwa sababu sauti inakwenda upande mmoja tu. Wateja wa Lubero walio na simu kubwa sasa wanatuma agizo kwa sauti usiku, na binti anayasikiliza yote asubuhi kwa mara moja. Kwa mwenye kusoma kwa shida, na tuko nao wengi, sauti inamwondolea aibu ya kuandika.

Ila agizo la sauti lina hatari yake. Maneno «kumi na mbili» na «kumi na mbili za ile nyingine» yanaweza kuleta ugomvi mkubwa. Kwa hiyo binti akishasikiliza anaandika ujumbe mfupi: aina gani, vipande vingapi, bei gani, jumla gani, na mteja anajibu «ndiyo». Na kwa Kampala vile vile, hata baada ya kuongea kwa sauti, bei na hesabu vinaandikwa kabla fedha haijatumwa. Zamani, katika simu za kawaida, hakukuwa na alama yoyote iliyobaki. Mara mbili mama alibishana na muuzaji kuhusu bei na mara mbili alishindwa. Tangu waanze kuandika, ubishi umekwisha. Sijui kama faida hiyo si kubwa kuliko ile ya unite.

Binti anapewa mega za kazi za dola 4 kila mwezi, na zinaandikwa katika daftari kama gharama ya butiki, mstari wake peke yake. Ninawaomba waajiri wote wanaosoma hapa waangalie mstari huo kwao. Na ofisi zetu za kanisa zisijione nje: mara ngapi tunaitisha mkutano kwa WhatsApp na mashemasi wa vijijini wananunua mega ili watusikilize saa moja na nusu?

Wako pia wanaonunua mali mbali zaidi ya Kampala, na wafanya biashara wa Butembo wanajulikana kwa hilo. Hao wajue kwamba si kila nchi inapitisha simu hizi. Huko Dubai, na katika Falme za Kiarabu zote, ujumbe wa WhatsApp unapita lakini simu za WhatsApp zimezuiwa. Watu wa huko wanatumia programu zilizoruhusiwa, kama Botim, na mtu wa huku anapaswa kuwa nayo pia ili waongee. Huko Uchina WhatsApp imefungwa, na biashara yote ya simu inapita WeChat. Ndugu mmoja alikwenda Guangzhou mara ya kwanza bila kujua, na kwa siku tatu mke wake hapa Butembo alidhani amekufa. Weka programu hiyo katika simu zote mbili, fungua akaunti, jaribu kuongea, kabla ya kupanda ndege.

Na hata karibu kuna mtego. Ukifika Kasindi, simu yako inaweza kushika rezo ya Uganda kabla hata hujavuka. Ikiwa umeacha intaneti ya nje ya nchi ikiwa wazi, unite zako zinaweza kuliwa bila wewe kufanya chochote, maana simu inaendelea kupokea ujumbe na picha yenyewe. Zima jambo hilo kabla ya safari, na ukifika Uganda nunua kadi ya huko. WhatsApp yako itabaki na namba yako ya Kongo, wateja wataendelea kukupata.

Nieleze pia habari ya wezi, kwa sababu biashara ikihamia WhatsApp, akaunti ya WhatsApp inakuwa kama ufunguo wa butiki. Mfanya biashara mmoja tunayemfahamu alipokea simu ya mtu mwenye sauti nzuri, aliyejiita mfanyakazi wa kampuni ya simu. Akaambiwa atapokea namba za tarakimu 6, azisome. Akazisoma. Dakika ile ile WhatsApp yake ilifunguka katika simu ya mwizi, na ya kwake ikafungwa. Kabla ya jioni, wateja wake watano walikuwa wametuma fedha kwa namba ya M-Pesa isiyo yake, kwa sababu ujumbe ulitoka kwa jina lake, na picha yake, na maneno kama «mpendwa, nitumie avansi ya mzigo». Wateja wale walitaka awarudishie. Amewarudishia watatu mpaka leo.

Zile tarakimu 6 hazisomwi kwa mtu yeyote, hata akijiita mchungaji wako. Tena, ndani ya WhatsApp kuna kinga ya pili: katika «Paramètres», ingia «Compte», na utaona mahali pa kuweka namba ya siri ya tarakimu 6 unayoichagua mwenyewe. Ukiiweka, mwizi hata akipata zile za ujumbe atakwama kwenye hii ya pili. Ni kazi ya dakika mbili. Na waambie wateja wako mapema, kwa sauti yako mwenyewe, kwamba namba ya kulipia haibadiliki kwa ujumbe. Ikibadilika utawapigia simu ya kawaida wakusikie.

Lingine ni siku ambayo intaneti haipo. Sisi wa Kongo hatuhitaji kuelezwa sana. Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika nchi nzima na ikakaa hivyo karibu siku ishirini. Sisi wa Butembo na Beni hatukupiga hata kura siku hiyo, maana yetu iliahirishwa mpaka mwezi wa tatu, lakini intaneti yetu ilikatwa na ya wengine. Simu za kawaida ziliendelea. Wenye biashara waliokuwa na namba za wateja ndani ya WhatsApp tu walipata taabu, kwa sababu wengine walikuwa wamehifadhi watu kwa jina la utani na picha, bila kujua tena namba ni ipi. Mama wa butiki ameandika namba zote tisa, na za Kampala, na za motari wawili, nyuma ya daftari kwa kalamu. Ameandika pia rezo ya kila mmoja. Anaweka unite za dola 3 ambazo hazigusi, kwa ajili ya siku kama hiyo au kwa mgonjwa.

Kuna kitu kingine kidogo ambacho watu hawakihesabu: umeme. Simu ikiwa kwenye intaneti siku nzima, chaji inaisha mapema, na kama unachajisha kwa jirani mwenye paneli au jenereta, unalipa. Mama alipoanza, alichajisha mara mbili kwa siku. Sasa binti anafungua intaneti saa mbili asubuhi kwa maagizo, saa sita, na saa kumi jioni, katikati anaizima. Wateja wamezoea saa hizo. Mama alinunua pia paneli ndogo kwa fedha aliyookoa katika miezi miwili.

Mtu akiniuliza kama aingie katika WhatsApp ya biashara, ile yenye alama ya herufi B, ninamwambia ndiyo, haina malipo kuipakua, na inakuruhusu kuonyesha mali na bei, na kuwa na jibu linalokwenda lenyewe ukiwa umefunga. Lakini usiweke zile zinazoitwa WhatsApp za rangi, ambazo vijana wanapeana sokoni. Si za kampuni yenyewe, akaunti inaweza kufungwa, na hujui nani anasoma maneno yako.

Mwezi uliopita nilipita butiki. Mama alikuwa Kampala. Binti alikuwa kaunta, simu kubwa mkono mmoja, ile ya vitufe kando ya mkasi. Alinionyesha daftari bila kuombwa: mwezi ule simu zote, pamoja na mega zake za kazi, zilikuwa dola 24. Si dola 16 za ule mwezi wa furaha yetu. Kati ya wale wateja wanne walionyamaza, watatu wamerudi. Wa nne alihamia Beni, naye ananunua huko. Nilipokuwa ningali nasimama mlangoni, simu ya vitufe ililia mara moja na kukata. Binti akatazama namba, akasema, «Ni yule wa Musienene,» akampigia.